Mpira Ambao Haukuwepo

Ozella Mabry sikumpenda tangu siku aliyoshuka mbele ya ofisi ya Bwana Tarpley, glavu yake imefungwa kwenye mpini wa sanduku, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Mimi ndiye niliyekuwa nikicheza kituo cha pili katika timu ya besiboli ya Mwewe wa Meridian, huo ukiwa mwaka wangu wa kumi na moja, na glavu ile niliitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ndogo, imelainishwa kiganjani mpaka ikawa bapa ili mpira usikae ndani. Glavu ya namna hiyo haina kazi nyingine duniani isipokuwa kituo cha pili.

"Yule nani?" nikamuuliza Hosea Pettway, aliyecheza upande wangu wa kulia miaka yote hiyo.

"Amekuja kukuzika, Cleo," akasema Hosea. "Huoni ameshukia mahali penyewe?"

Bwana Tarpley, mwenye timu, alikuwa na biashara ya mazishi, na ofisi ya timu ilikuwa chumba cha nyuma, baada ya majeneza. Mwaka huo wa 1951 biashara ya mazishi ilikwenda vizuri na ya besiboli ilikwenda vibaya. Timu za wazungu zilikuwa zimeanza kutuchukulia vijana wetu, mmoja huku, wawili kule, na watu wetu wakawafuata hao hao kwa redio badala ya kuja uwanjani. Bwana Tarpley akafikiri, akachapisha matangazo ya rangi ya chungwa: NJOONI MUMWONE MSICHANA. Halafu ndipo akamwita msichana mwenyewe.

Kocha wetu, Elbert Swain, alikuwa mtu mkavu, shemasi wa kanisa, na hakuficha kitu. Alimwambia mbele yetu sote: "Mwenye timu amekutaka. Mimi sijakutaka. Una mkataba wa mwezi mmoja. Utacheza mpira wa kivuli, watu wacheke. Mechi yenyewe utaingia siku Rudd atakaposhindwa kusimama. Mwezi ukiisha hujacheza, utarudi kwenu Mobile, na hatutagombana."

"Na nikicheza vizuri, Kocha?"

"Nimesema ukicheza, kwanza."

Akanigeukia mimi, Cleophus Rudd, akanipima kuanzia kofia mpaka viatu. Nami nikasimama wima kama mlingoti, kwa sababu goti langu la kushoto lilikuwa limeharibika tangu mwezi wa tatu, kule Selma, na hakuna aliyejua. Kwenye karatasi za timu nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa na thelathini na moja kwa mwaka wa sita mfululizo. Ligi nzima tulizeeka kwa mtindo huo, na mtu mwenye adabu hakuuliza.

Mpira wa kivuli tuliucheza kabla ya kila mechi, kuwachangamsha watu. Unacheza besiboli kamili, ila mpira haupo. Mrushaji anarusha hewa, mpigaji anaipiga kwa gongo, mdakaji anaruka, vumbi linatimka, na mwamuzi anapaza sauti "Kaungua!", yaani katolewa, kwa mkimbiaji aliyechelewa. Ukifanywa na watu wanaojua kazi yao, mtoto mdogo anaweza kuapa ameuona mpira. Kwangu ulikuwa muda wa kupumzisha goti, kwa hiyo mwanamke yule alipopewa nafasi yangu katika mchezo huo sikulalamika.

Tukiwa kwenye basi, Swain alimpangia vituko. Mpira ukija, apige kelele, ajifunike uso, halafu atoe kioo kidogo mfukoni ajitazame nywele.

"Sawa, Kocha," akasema Ozella. "Na Hosea naye atatoa kioo?"

"Hosea akijitazama kioo atalia!" akapaza mtu nyuma, na basi zima likacheka, Hosea mwenyewe wa kwanza.

Siku ya kwanza hakupiga kelele wala hakutoa kioo. Alicheza. Mpira usiokuwepo ulikuja chini chini upande wake wa kushoto, akauendea, ukaruka vibaya mahali penye kijiwe, naye akainua mkono juu kwa ghafla akaunasa karibu na sikio. Mimi niliyekuwa kwenye benchi nilijikuta nimeangalia pale chini kukitafuta kijiwe. Watu wakapiga makofi ya kweli, si ya kicheko. Swain alitema tumbaku. Mechi yenyewe ilipoanza, Ozella akarudi benchi, nami nikaingia na goti langu.

Ndivyo tulivyokwenda majuma matatu. Hoteli hazikutupokea, kwa hiyo tulilala kwenye nyumba za watu wetu, na kila nyumba tuliyofikia, sisi wanaume tulipewa viti, yeye alipewa aproni. Hakununa. Alimenya viazi, akaosha vyombo, halafu akatoka uani na glavu yake akarusha mpira ukutani mpaka mwenye nyumba akamwomba kwa jina la Bwana apumzike. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini Mobile, na huko alijifunza mchezo, kati ya makuli saa ya chakula cha mchana.

"Kaskazini si kuna ligi ya wanawake?" nikamuuliza siku moja kule Greenville, si kwa wema, ila kwa kutaka aende huko.

Alikuwa ameketi ngazini anachambua mbaazi za mama mwenye nyumba. "Niliwaandikia. Wakanijibu niwatumie picha. Nikatuma picha. Walipoona rangi yangu wakajibu nafasi zimejaa." Akatupa ganda. "Kumbe picha yangu ni nene sana, kaka Rudd. Imejaza timu nane."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, bila hata kuinua macho kwenye bakuli: "Ni goti tu, au na nyonga?"

"Goti gani?"

"La kushoto. Unapogeuka unaegemea la kulia kabla mpira haujafika. Nimeliona siku ya pili nilipokuja."

Damu ilinipanda. "Sasa unangoja nini? Swain yuko pale kibarazani. Nenda kamwambie. Kesho unacheza."

"Ningetaka kumwambia ningeshamwambia."

"Unajifanya malaika?"

"Malaika wapi! Ninaitaka nafasi yako mpaka siwezi kulala. Lakini nikiipata kwa kukusema, hawa wanaume watanitemea mate mpaka mwezi uishe, na watakuwa na haki." Hapo ndipo aliponitazama. "Nimebakiza siku nane. Wewe unajua kugeuka pale kituoni kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, hata na goti hilo bovu. Nifundishe. Wakinirudisha nyumbani, nirudi na kitu."

Nilimwambia aende zake na mbaazi zake. Usiku ule sikula vizuri. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alisema kweli, na nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu alinisifu. Hakuna mtu aliyekuwa amelisifu geuko langu tangu vita viishe. Asubuhi nikachukua gunia tupu la unga, nikalitandika uani, nikamwita: "Haya, bibie. Hicho ndicho kituo. Njoo uvunjwe miguu."

Geuko lenyewe ndilo roho ya kituo cha pili. Mpira unakuja kutoka kwa Hosea, unaudaka huku unakanyaga kituo, mkimbiaji wa kwanza ameungua. Halafu unageuka na kuurusha kituo cha kwanza kumchoma na wa pili. Wawili kwa mpira mmoja. Shida ni kwamba yule wa kwanza anakujia wakati huo huo kwa kuteleza chini, viatu vyenye meno ya chuma mbele, na kazi yake ni kukuangusha. Nilimfundisha Ozella kuruka. Nilimwambia, ukishaudaka ruka, rusha ukiwa hewani, acha chuma kipite chini yako. Siku sita tulifanya hivyo, yeye anaruka, mimi nakaa kwenye ndoo nikimtukana. "Unaruka kama mtu anayekwepa dimbwi! Ruka kama unayemkimbia mwenye nyumba!" Alikuwa anajifunza upesi mno, na nilimchukia kwa hilo, na nilisubiri asubuhi ifike ili nimwone tena. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Jumapili ya mwisho ya mkataba wake tulikuwa Hattiesburg, kucheza na timu ya Birmingham. Mchungaji wa pale alikuwa mpenzi wa besiboli kupita kiasi, na siku ya mechi mahubiri yake yalikuwa mafupi kuliko sala ya chakula. Saa saba kanisa zima lilikuwa limeshahamia uwanjani, kina mama na kofia zao za maua, wazee na tai, watoto wamekatazwa kuchafuka. Uwanja ulikuwa wa timu ya wazungu. Walitukodishia wao wakiwa safarini, na mlango wa bafu wakauacha na kufuli kama kawaida yao.

Jumapili mpira wa kivuli tuliunogesha kwa kuchanganya timu. Birmingham wakamtoa Dossie Lyle awe mkimbiaji. Dossie alikuwa pande la mtu, mwenye mbio ambazo hazikuustahili mwili ule, na aliposimama kituo cha kwanza alimwita Ozella kwa sauti ya uwanja mzima: "Binti! Sogea pembeni mapema, mama yako asije akanidai!"

"Mama yangu ana mbio kuliko wewe," akajibu Ozella, "na ana uvimbe wa miguu."

Kofia za maua zikatikisika kwa kicheko. Mrushaji akarusha hewa, mpigaji akaipiga, Hosea akainama akaokota kitu kisichokuwepo, akakirusha. Dossie akaja kasi, na nilipomwona anavyoteleza nikajua hafanyi mzaha. Chuma kilikuwa juu. Ozella akadaka, akakanyaga kituo, akaruka, akarusha; Dossie akapita chini yake na vumbi lake; huko kituo cha kwanza mpigaji alikuwa bado hatua moja. Mwamuzi, ndugu Tolliver, ambaye siku za kazi ni kinyozi, akanyoosha mkono: "Kaungua! Na wewe umeungua! Wote wawili!"

Hapo kila kitu kingekwisha kwa makofi. Lakini Dossie akaruka juu kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nimeungua wapi? Nilifika kabla ya mpira!"

"Mpira ulifika kwanza," akasema Tolliver.

"Mpira ulikuwa juu! Aliinua mguu kabla haujafika mkononi!"

"Usinifundishe kazi, Dossie. Niliuona kwa macho haya."

Kocha wa Birmingham akatoka benchi kwake. Swain akatoka benchi kwetu, akavua kofia yake, akaitupa chini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata kwenye mechi ya kweli. "Kaungua kwa hatua nzima!" shemasi wetu akapiga kelele. "Kipofu angeona!" Nyuma ya waya mke wa mchungaji akasimama juu ya kiti kuthibitisha kwamba kituo kilikanyagwa, alisikia kishindo. Baba mmoja wa safu ya tatu akasema yeye mpira ulimpita machoni kabisa na ulikuwa juu, jirani yake akamwambia avae miwani, na wakaanza kushikana tai. Watu elfu mbili waliotoka kanisani sasa hivi walikuwa wanagombana juu ya mpira ambao haukuwepo. Na hakuna aliyekuwa anaigiza.

Wala mimi. Nilikuwa katikati yao kabla sijajua nimeondoka kwenye benchi. Nilimshika Dossie kifuani nikamwambia, "Wewe mwongo! Mpira ulipita juu ya bega lako la kulia, inchi mbili, nimeuona mimi mwenyewe!"

"Ulipita bega la kushoto!" akafoka Dossie. Halafu akasita. Akatazama mkono wa Ozella, akatazama mkono wa mtu wa kituo cha kwanza, mitupu yote miwili. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika magoti, na kicheko kikapanda majukwaani safu kwa safu mpaka wale wenye tai nao wakaachiana.

Swain peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama miguu.

"Rudd," akasema, "umetoka benchi mpaka hapa unachechemea kama mbuzi aliyegongwa."

Nilikuwa nimesahau. Miezi mitatu nilikuwa nimehesabu kila hatua mbele ya mtu huyu, na leo nilisahau, kwa ajili ya geuko la mwanamke yule.

"Tangu lini?"

Ningeweza kumwambia msuli umekaza. Nilishazoea kudanganya, kuhusu umri wangu nilikuwa naongopa bila kupepesa. Ozella alikuwa amesimama pale, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakunisaidia wala hakunisukuma. Alitazama chini. Siku yake ya mwisho ilikuwa hiyo, na angeimaliza kimya kama ningetaka.

"Tangu mwezi wa tatu, Kocha."

"Na nani atasimama pale leo? Birmingham si mchezo."

"Huyu hapa. Amechoma watu wawili bila mpira. Mpe mpira uone."

Swain alitafuna tumbaku yake muda mrefu. Kisha akatoa karatasi ya majina mfukoni na kipande cha penseli, akafuta, akaandika, akaenda zake.

Mpira wa kwanza kabisa uliomjia katika mechi ya kweli ulikuwa laini, wa kumpa mtoto. Ukapita katikati ya miguu yake. Wakapata mkimbio mmoja, yaani bao, kwa kosa hilo, na sauti ya mwanamume ikatoka jukwaani, "Mrudisheni jikoni!" Nami nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwa muda wa kufumba jicho, halafu nikajionea aibu iliyonichoma masikio, nikasimama kwenye benchi nikamfokea: "Mabry! Kwani nani alikwambia mpira una macho? Ushuke, uuzibe!" Akaitikia kwa kidole kwenye kofia. Wa pili aliuziba. Wa tatu aliukimbilia mpaka nyuma kabisa akaudaka akiwa amewapa watu mgongo, na yule mwanamume wa jikoni sikumsikia tena.

Tuliingia mzunguko wa mwisho tukiongoza nne kwa tatu. Birmingham wameunguliwa na mtu mmoja, wakiungua wawili zaidi mechi imekwisha, na Dossie Lyle yuko kituo cha kwanza, na safari hii hakuwa na maneno. Mpira ukapigwa kwa Hosea, mkali. Hosea akaudaka, akaurusha. Ulikuja nyuma kidogo ya Ozella, mahali pabaya, na mara moja nikaona kwamba akiruka kama nilivyomfundisha atachelewa. Nikapiga kelele aruke hata hivyo. Sikujua la zaidi.

Hakuruka. Alidaka, akakita mguu juu ya kituo, akauacha pale, akaurusha mpira kutoka chini ya kwapa, upande, kwa namna ambayo sikumfundisha mimi wala mtu mwingine. Chuma kikamwingia kwenye muundi. Walianguka pamoja yeye na Dossie, na vumbi likawafunika, na katika vumbi hilo niliisikia glavu ya kituo cha kwanza ikilia pa. Tolliver akanyoosha mikono yote miwili: wote wawili wameungua, tumeshinda.

Dossie aliketi pale chini akitazama kituo cha kwanza. Kisha akainuka, akaokota kofia ya Ozella, akaikung'uta kwenye paja lake na kumpa. Akaenda zake benchi.

Mimi nililia. Mtu akiuliza, ni vumbi, lakini nililia, na si kwa huzuni tu. Ilikuwa siku nzuri. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo nikiwa nimekaa.

Baadaye Swain alinipita akikusanya magongo. "Kesho tuko Laurel, saa tisa," akasema. "Mwambie kituo cha pili alale mapema."

Nilimkuta Ozella nje ya lile bafu la kufuli, kwenye bomba la ukutani, ameinama na suruali imekunjwa mpaka gotini, anaosha damu. Soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda.

"Kocha anasema kituo cha pili alale mapema," nikamwambia. "Kesho ni Laurel."

"Basi nenda kalale, kaka Rudd," akasema bila kugeuka. "Pole sana. Labda goti likipumzika litapona. Mimi nitapanga vitu vyangu, basi la Mobile linaondoka asubuhi."

"Ozella."

"Nimesikia, kaka. Nenda."

"Mimi si kituo cha pili," nikasema.

Maji yaliendelea kutoka. Mkono wake ukaiachia soksi. Halafu akaketi pale pale kwenye tope.